Inchi ya Mwisho ya Mshono

Wiki mbili zilizopita Njeru alikuja kwangu Kianjai na pipa la asali nyuma ya pikapu ya kukodi. Nilimtambua kabla hajashuka, kwa ile tabia yake ya kutoa kofia kwanza ndipo atoe mguu. Hatukuwa tumeonana tangu tulipomzika Mwalimu Mbogo kule Mbeere, na hata siku hiyo tulisalimiana kwa mbali, yeye upande ule wa hema na mimi upande huu. Sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi. Akaniambia pipa limepasuka chini, pale linaposhikana na miguu yake, na kwamba binti ya Mwalimu amekataa katakata litupwe, amesema lirudishwe kwa aliyelitengeneza. Nililipapasa likiwa bado kwenye pikapu. Kidole kikaenda chenyewe mpaka mahali fulani kwenye ule mshono wa ubavuni, nikakiondoa haraka. Halafu Njeru akafungua kifungo cha shati, pale pale uani, akanionyesha uvimbe mdogo chini ya mfupa wa bega la kushoto. "Na mimi nimewekewa saa, Kananu," akasema, akacheka. Saa ndilo jina Mwalimu alilokuwa ameipa mashine ya moyo aliyowekwa kifuani. Mimi sikucheka. Nilikumbuka kila Jumamosi ya mwaka ule nilioishi Embu, na nikajua kwamba mambo niliyoyafukia yamekuja kunitembelea nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Embu, kazi ya kupiga mihuri na kutafuta mafaili yaliyopotea, na kila mtu kwetu aliona nimefika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesomea uchomeleaji katika chuo cha ufundi, wasichana tukiwa wawili darasani, na ofisini mikono ilikuwa ikiniwasha kwa kukosa kazi. Nilipanga chumba kwa Mwalimu Mbogo, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe, mtu wa Mbeere, mrefu na mwembamba, aliyezoea kuzungumza na watu wazima kama anasahihisha insha zao. Chumba changu na sebule yake vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Kwangu palikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo sikuitoa kwa sababu ilikuwa imeziba tundu. Upande wake kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio, na harufu ya asali na nta, maana alikuwa na mizinga shambani kwake na kila wiki aliuza asali sokoni. Jumapili alinipikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akinitazama mpaka nimalize sahani. "Mwari," angeniita, kama anavyoitwa binti kwao, "karani asiyekula anapoteza mafaili."

Ukuta ule wa mbao ndio ulionipa siri nisiyoitaka. Jioni moja dada yake alikuja kumtembelea, nami nilikuwa nakuna nazi ya wali wangu, nikasikia kila neno. Aliuliza kama kidonda cha Nairobi kimepona. Mwalimu akasema kimepona, saa inapiga vizuri, daktari amesema bila hiyo moyo wake unaweza kusahau kupiga, na tafadhali jambo hilo lisifike kanisani wala kwa wapangaji. Niliacha kukuna. Nilikaa pale na kifuu mkononi nikiogopa hata kukiweka chini asije akajua nimesikia. Kwetu, na kwao pia, kijana hamuulizi mzee habari za mwili wake, tena msichana ndiyo kabisa. Mzee akitaka ujue anaumwa, atakuambia mwenyewe, na asipokuambia basi wewe unamwona mzima. Nami nikaamua nitamwona mzima.

Njeru aliingia katika mambo haya kwa sababu ya stima. Alikuwa fundi wa umeme, kijana wa Embu, mcheshi, aliyekuja kubadilisha waya za Mwalimu na akanikuta nyuma ya nyumba nikijaribu kuunga karatasi za stenlesi kwa mashine ya kuazima, ile ya kawaida ya kuchomelea mageti kwa rodi. Mwalimu alikuwa na pipa la kukamulia asali, lile la kuzungusha kwa mkono, lakini lilikuwa la mabati na lilianza kuiachia asali ladha ya kutu. Nilikuwa nimemwahidi pipa la stenlesi. Bati lenyewe lilikuwa jembamba, na kila nilipogusa na rodi lilitoboka. "Wewe unatengeneza chujio," Njeru akasema. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Hatukuwa tunatafuta biashara. Ilikuwa raha yetu tu, kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira, na Mwalimu akatupa banda lake la mizinga mikuukuu tufanyie kazi humo. Lakini kwa bati lile tulihitaji mashine ya TIG, ile inayoyeyusha chuma kwa sindano isiyoyeyuka huku gesi ikipuliza kuilinda, mkono mmoja ukishika moto na mwingine ukilisha waya polepole. Chuoni niliwahi kuishika mara mbili, nikaota juu yake miaka minne.

Kuichagua kulitunyima usingizi miezi mitatu. Nilikuwa na daftari la maswali, na kila swali lilizaa lingine. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na stima ya kawaida ya nyumbani, je, mashine ingeiangusha? Gesi ingetoka wapi, na mtungi ukiisha katikati ya kazi? Tungeweza kuibeba wawili? Nguvu yake ingeshuka chini kiasi cha kutosha, maana kwa bati jembamba shida si kupata moto mwingi, ni kupata moto kidogo ulio mtulivu? Wauzaji wa Nairobi tuliowapigia kutoka kibanda cha simu walitaja nguvu tu, kubwa, kubwa zaidi, na sarafu zikaisha kabla hawajasikia swali langu. Mwishowe mtu akatuelekeza Meru mjini, kwa Bwana Salim, mwenye duka la hadiwea karibu na msikiti, ambaye alikuwa na mashine mbili za TIG zilizoletwa kwa mteja asiyerudi.

Bwana Salim alikuwa mzee wa taratibu, mwenye Kiswahili cha kunyooka kilichotufanya sote wawili tujisikie washamba. Alituwekea viti, akatuletea chai ya tangawizi na mahamri, kisha akafunua mashine zake mojamoja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kubeba begani. "Hii ni ya chuma na stenlesi. Alumini haiwezi. Na kuiwasha, mnagusa sindano kwenye chuma kisha mnainyanyua." Ya pili ilikuwa na magurudumu. Iliweza chuma, stenlesi na alumini, na sindano haikugusa kitu. Ukikanyaga pedali, cheche inaruka yenyewe hewani na moto unawaka, na kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyoongezeka au kupungua. Njeru macho yalimtoka. "Kananu, hii ndio machine! Mikebe ya maziwa ya Meru nzima ni alumini. Unajua tunaweza kuwa watu gani?" Ningependa kuandika kwamba ni yeye aliyenishawishi. Lakini Bwana Salim aliniruhusu kuijaribu nyuma ya duka, kwenye kipande cha bati langu mwenyewe, na nilipokanyaga pedali ile nikaona kidimbwi cha chuma kikitanuka na kunywea chini ya wayo wangu, sikutaka nyingine. Nilitamani mashine ile kwa namna ambayo sikuwahi kumtamani mtu.

Ubavuni mwake palikuwa na kibandiko cha njano chenye picha ya moyo. Bwana Salim aliniona nikikitazama. Akavua miwani. "Binti, kibandiko hicho usikipite hivi hivi. Cheche hii ya kuruka, na umeme mkali wa moto wenyewe, huvuruga mashine za moyo. Huko mtakakoiweka, yuko mtu mwenye kifaa kifuani?" Njeru alijibu hapana, naye alikuwa akisema anachokijua. Bwana Salim aliendelea kunitazama mimi. Nilifikiria ukuta wa mbao, na sauti ya Mwalimu ikisema tafadhali. Kumtaja pale, mbele ya Njeru na mwenye duka na mpakuaji wa mizigo, ilikuwa ni kumvua mzee nguo sokoni. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Na pedali ilikuwa bado karibu na mguu wangu. "Hapana," nikasema. Akavaa miwani akaandika risiti.

Nilikuwa na mpango, bila shaka. Waoga huwa na mipango mizuri. Kila Jumamosi Mwalimu alikwenda sokoni na asali yake saa mbili asubuhi, akarudi saa saba. Tungechomelea katikati ya hapo tu. Nikisikia mnyororo wa geti, mashine inazimwa na kufunikwa gunia. Njeru aliona nimeingiwa na wazimu. "Kwani tunapika chang'aa?" aliuliza. Nikamwambia Mwalimu hapendi kelele. Wiki nzima ofisini nilikuwa nikipiga mihuri juu chini kwa kuwaza Jumamosi, na Jumamosi nilifanya kazi sikio likiwa getini, jasho likinitiririka ndani ya helmeti hata kabla moto haujawaka. Mara mbili niliota nimemwona Mwalimu amekaa juu ya mashine akila muthokoi. Nilianza kuamka mapema na kusikiliza ukutani kama anakohoa, na akikohoa nilishukuru Mungu. Ningeweza kumaliza yote yale kwa kugonga mlango na kusema sentensi moja. Niliitunga mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, na kila mara nilipofika kwenye neno kifua niliishia kuomba chumvi.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu lilikuwa uji. Kwa Mwalimu, mtu yeyote akishika chombo cha kazi ndani ya boma lake, hata kama ni mpangaji anayejifurahisha, lazima uji wa wimbi umfikie mkononi, na mwenye boma ndiye anayeupeleka na kumimina kikombe cha kwanza. Hakuna kutuma mtu. Siku tulizokuwa tukipiga nyundo jioni alifanya hivyo bila kukosa. Kumbe Jumamosi zile alizokuwa sokoni zilikuwa zikimuuma. Vijana wanafanya kazi kwake asubuhi nzima, na kwa ajili yake, bila hata tone. Jumamosi moja alimwachia jirani meza yake ya asali, akarudi saa nne, akapitia mlango wa jikoni upande wa barabara, siyo getini, akapasha uji moto, akaja nao bandani kwa birika la enameli. Mnyororo wa geti haukulia.

Nilikuwa nafunga mshono wa ubavuni, ule mrefu wa juu mpaka chini. Ulikuwa unakwenda kama sijawahi kuona. Kidimbwi kilitulia, waya ukaingia kwa mapigo sawasawa, na nyuma yake magamba yalilala moja juu ya jingine, ya rangi ya asali. Ndani ya helmeti huoni kitu isipokuwa nukta ya moto. Njeru alikuwa ameketi juu ya gunia pembeni akipiga msasa miguu ya pipa. Mwalimu aliingia nyuma yangu, akaruka nyaya, akainama kutazama, kama mwalimu anavyoinama juu ya dawati. Nilisikia birika likigonga sakafu. Nikasikia uji ukimwagika, na kitu kizito kikiteleza ukutani, na Njeru akipiga kelele, "Zima! Kananu, zima!" Nilikuwa nimebakisha inchi moja.

Nikaimaliza. Sijui ilichukua pumzi tatu au tano. Nilijua sauti ile ni ya birika na nilijua ni nani mwenye birika, na mguu wangu ukabaki kwenye pedali kwa sababu ukiacha mshono ghafla unabaki na shimo, na mshono ule haukustahili shimo. Kisha nikaachilia. Nilipofunua helmeti, Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni mgongo ukutani, midomo ya kijivu, mkono ukitafuta kitu hewani. Moto ulipokwisha, rangi ilianza kumrudia, polepole, akavuta pumzi ndefu, akatutazama kama mtu aliyeamshwa katikati ya hotuba. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba uji umemwagika.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Walimlaza siku mbili kumchunguza, wakasema saa yake ni nzima. Jioni ya kwanza nilikaa kando ya kitanda na bakuli la supu ambayo hakuna aliyeinywa, Njeru akiwa amesimama dirishani. Mwalimu akaniuliza, kwa sauti ya darasani, "Mwari, ulijua nina hiki kitu?" Nikasema nilijua, nilisikia ukutani. Njeru aligeuka. "Na ile mashine, ulijua inakivuruga?" Nikasema nilijua. "Sasa mbona hukuniambia?" Nililia, nikasema niliogopa. Akakunja pindo la shuka. "Ungeniambia tu nikae mbali. Kukaa mbali ni kazi? Uliniheshimu mpaka karibu uniue." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Halafu, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, akauliza, "Na mshono, ulitoka vizuri?" Ulikuwa umetoka vizuri kuliko wowote niliowahi kufanya, na ile inchi ya mwisho ndiyo nzuri kuliko yote. "Ulitoka," nikasema. Hilo la inchi sikumwambia, wala Njeru, wala mume wangu niliyekuja kuolewa naye, wala kanisani.

Tulipoirudisha Meru, Bwana Salim aliichukua mashine kubwa bila ubishi akatubadilishia kwa ile ndogo, ya kuwasha kwa kugusa. "Nilikuuliza, binti," alisema, basi. Njeru hakuongea nami njia nzima kurudi Embu. Lakini Mwalimu aliporudi nyumbani alitoka uani na kwenda kupima umbali mwenyewe, kwa vile daktari alimwambia hata hiyo ndogo asiikaribie. Akahesabu hatua kumi na tano kutoka mlango wa banda, zikaishia kwenye tangi la maji. Hapo ndipo akawa analeta uji. Anaweka birika juu ya tangi, anamimina kikombe cha kwanza, anaketi kwenye jiwe, anaita. Sisi tunakwenda kunywa kwake. Na mimi, kabla ya kushusha helmeti, ilinibidi niite "Naanza!" nisubiri anijibu. Tulimaliza pipa tukiwa hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka nilihamishiwa Meru, na yeye aliishi na saa yake miaka mingi mpaka uzee wenyewe ulipomchukua.

Mashine ndogo ninayo hadi leo. Juzi, Njeru aliporudi kulifuata pipa, niliitoa stoo, nikaifuta vumbi, nikaandaa mtungi wa gesi, huku akinichokoza kwamba mikono yangu sasa inatetemeka kama ya bibi harusi. Nilikuwa nimepika uji tangu asubuhi. Nilimmiminia kikombe cha kwanza mwenyewe, kisha kabla sijapoteza ujasiri nikamuuliza, hivi hivi, machoni, jambo ambalo mwaka ule nilishindwa kumuuliza mzee. "Kifua chako kiko namna gani? Daktari amesema ukae umbali gani?" Akaniambia yote, bila kuficha. Alipomaliza nikashika ukingo wa pipa.

"Njeru. Siku ile nilisikia birika likianguka. Na wewe nilikusikia. Nikamalizia inchi ya mwisho."

Akapuliza uji wake. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimekaa chini, kwa gunia. Mguu wako ulikuwa mbele ya macho yangu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Kwanza nilikuchukia kabisa. Halafu nikazeeka."

"Na bado umekuja kwangu na kifua hicho?"

"Ningeenda kwa nani?" akasema, akachukua kikombe chake, akatoka, akihesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye tangi langu la maji.

Nilishusha helmeti nikaita, "Naanza!" Akajibu. Ufa haukuwa mrefu, na mikono ilikumbuka kazi yake kuliko nilivyotarajia. Kidimbwi kilitulia, waya ukaingia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaona yale magamba ya rangi ya asali yakilala moja juu ya jingine. Nilikuwa nimebakisha kama inchi moja nikasikia kikombe kikianguka huko nje.

Nikanyanyua mkono. Moto ukafa, nikatupa helmeti, nikakimbia.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mzima, anapangusa suruali. "Kimeteleza tu," akasema. "Rudi ukamalizie."

Nilisimama mbele yake mpaka pumzi iliponirudia, nikamletea kikombe kingine. Kisha nikarudi nikamalizia. Pale nilipokatisha pana shimo dogo lililozibwa, baya, linaloonekana hata na asiyejua kazi hii. Pipa lilipomfikia, binti ya Mwalimu alipiga simu kushukuru, akaniuliza kile kidonda chini ya pipa ni cha nini, nikamwambia nimekiacha makusudi.